Mkaidi Hufungwa Kushoto

Pampu kuu ya mtambo wa maji iliitwa Mjomba, kwa kuwa ilikohoa asubuhi hadi asubuhi na haikutaka kusikia habari za kustaafu. Watu wa mitaa ya jirani walikuwa wameizoea mno. Siku moja iliponyamaza kwa dakika kumi, watoto wachanga wote waliamka kwa mpigo wakaanza kulia, na mbwa mmoja akahama kabisa. Anayebisha na akaulize. Mbwa hakurudi.

Aliyemwelewa Mjomba kuliko wote alikuwa mama mmoja mfupi, mpana wa mabega, msimamizi wa zamu, ambaye jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye faili la ofisi tu. Wote walimwita Bi Shabu. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kupima shabu, yale mawe meupe yanayoyeyushwa kwenye maji ya mto ili tope lishikane na kuzama. Mizani ilikuwapo, ila yeye alipima kwa jicho. Alichota maji kwenye chupa ya kioo, akaiinua dirishani, akafinya jicho moja, akasema, "Ongeza kopo moja na nusu," na kopo moja na nusu ndilo lililotakiwa. Inasemekana mwaka fulani alionja tone moja la maji ya mto akatema na kusema, "Huko juu kuna mtu kafua shuka, na sabuni yake ni ya kuazima." Walipofuatilia, wakaikuta shuka imeanikwa, na jirani amekuja kudai sabuni.

Basi bodi ya maji ilipokata shauri kuufanya mtambo kuwa wa kisasa, Bi Shabu aliitwa mkutanoni kujibu swali moja tu: machujio ya mchanga yana umri gani. Akajibu. Halafu hakuketi.

"Nasikia mnataka kuufunga mtambo miezi mitatu," alisema, "na mji unyweshwe na malori ya matangi, mara mbili kwa wiki."

"Ndivyo wataalamu walivyoshauri," alisema mwenyekiti wa bodi. Alikuwa bwana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hata mikunjo ya kiwiko ikaogopa kutokea.

"Machujio yako manne. Tutafumua moja, matatu yachape kazi. Hilo likipona, tunafumua la pili. Taratibu hivyo hivyo mpaka tumalize. Hakuna haja ya malori."

"Na bomba likikauka?"

"Halikauki."

"Nauliza likikauka, Bi Shabu."

Bi Shabu aliwahi kuona mji ukinywa maji ya malori. Alikuwa na miaka tisa, mtambo ukafungwa wiki sita, na siku lori lilipochelewa mdogo wake wa mwisho akaenda kunywa kwenye mtaro. Hakufika wiki ya pili. Hakuwasimulia wajumbe habari hiyo. Alitoa tu mfukoni kishada cha funguo za mtambo, akakiweka mezani mbele ya lile shati.

"Mji ukikaa bila maji saa moja, funguo hizi nitakuletea mwenyewe, ufunge utakavyo. Nami nikalee wajukuu."

"Saa moja," alisema mwenyekiti, akamsogezea funguo zake. "Hata dakika moja juu yake sitaki."

Ndivyo kazi ilivyoanza. Wiki iliyofuata akaletwa mhandisi wa kuisimamia, na hapo ndipo mambo yalipoingia mdudu. Mhandisi mwenyewe alikuwa binti mmoja mwembamba, mwenye akili nyepesi na hatua ndefu, aliyekuwa ameolewa miezi minane tu iliyopita na mtoto wa kiume wa Bi Shabu.

Hebu fikiria. Jumapili binti huyo alimpokea mama mkwe kikapu kwa mikono miwili, macho chini, sauti ya kunong'ona. Jumatatu alitakiwa kumwamuru. Wakawa wanasemeshana kwa kumpitia fundi mitambo, jamaa mmoja mnene aliyeitwa Nyundo.

"Nyundo, mwambie mhandisi kwamba bomba lile halipiti pale," alisema Bi Shabu.

"Mama, anakusikia. Yuko hapa."

"Mwambie tu."

"Mhandisi, mama anasema bomba lile halipiti pale."

"Mwambie mama nashukuru, nitalipitisha nyuma."

"Mama, anasema anashukuru," alisema Nyundo, akajifuta jasho. "Mimi nimeajiriwa kufunga boliti. Kazi ya ukarani wa wakwe haikuwa kwenye mkataba."

Sasa, mtambo ule ulikuwa na valvu moja iliyoitwa Mkaidi. Ilikaa shimoni nyuma ya hodhi la maji safi, kwenye bomba la kumwagia maji hodhi linapotakiwa kuoshwa. Valvu zote duniani, na hata vifuniko vya chupa, ukizungusha kulia zinakaza, ukizungusha kushoto zinalegea. Mkaidi alifanya kinyume. Zamani, kabla ya Bi Shabu hata kuajiriwa, ya awali ilivunjika, fundi wa enzi hizo akachomeka ya kubahatisha iliyotoka kwenye mtambo mwingine. Ikafanya kazi. Kulia ikafungua, kushoto ikafunga. Hakuna aliyeandika popote, kwa sababu walikuwa na njia nzuri kuliko kuandika.

Njia yenyewe ilikuwa hii. Kila mgeni wa kazi, siku yake ya kwanza, alipelekwa shimoni na kuambiwa kwa upole, "Ebu ikaze kidogo hiyo, inavuja." Naye akashika usukani wa chuma, akazungusha kulia. Mkaidi akafunguka, maji yakaingia kwenye bomba, na kiungo kibovu kilichokuwa usawa wa kifua kikamwosha mgeni kuanzia kidevuni hadi soksini. Akitoka pale hasahau tena maisha yake yote. Waliloweshwa makarani, walinzi, wakemia wawili, na hata daktari wa mifugo aliyekuwa amepita kuuliza njia.

Mhandisi alipofika, Nyundo alikwisha kuandaa na taulo. Bi Shabu akainua kidole.

"Huyu hapana."

"Mama, ni desturi ya kazi."

"Desturi ya kumlowesha mke wa mwanangu mbele ya wanaume? Basi utakwenda kumweleza mwanangu wewe."

Nyundo akalikunja taulo. Na kwenye michoro ya mhandisi, Mkaidi alibaki kialama kidogo kama valvu nyingine yoyote yenye adabu.

Kazi ilichukua miezi saba. Walitoa mchanga wa zamani kwa koleo na toroli, mchanga mweusi uliokuwa umegandamana kama keki iliyosahauliwa jikoni. Wakaweka mabomba mapya chini, wakamwaga mchanga mpya, mwembamba, uliooshwa mpaka ukalia mkononi. Mvua kubwa ilipokuja, mto ukageuka uji wa udongo na machujio matatu ndiyo yaliyokuwa yakibeba mji mzima. Siku mbili Bi Shabu hakwenda kwake. Aliweka kiti kando ya mfereji, chupa mkononi, akisoma maji kila robo saa. "Makopo mawili. Mawili na robo. Rudisha moja." Mji ulikunywa maji safi na haukujua lolote, jambo ambalo ndilo lilikuwa raha yake.

Ikaja mashine ya kupima shabu, yenye jicho lake la umeme. Mhandisi aliiwasha, ikatoa tarakimu. Akamwomba Nyundo amwombe mama naye aseme lake. Bi Shabu akafinya jicho dirishani, akataja makopo yake, wakapima yale makopo kwenye mizani. Tofauti ilikuwa kama chumvi ya yai moja.

"Imekaribia," alisema Bi Shabu. "Ikiendelea hivyo itafika."

Mhandisi akacheka akasahau kuficha meno. Kuanzia siku ile Nyundo alipunguziwa ukarani kidogo.

Ikabaki siku moja, ya kuuwasha mtambo wote kwa pamoja. Kila valvu ilikuwa imevalishwa mota yake, kila tangi limewekewa kipimo, na nyaya zote zimekusanyika kwenye chumba kipya chenye skrini pana kama kitanda cha watu wawili. Mwenyekiti alitarajiwa saa nne. Saa tatu kamili mhandisi alishusha pumzi, akabonyeza.

"Itaanza kwa kuzifunga zote," alieleza, "kisha itafungua zinazohitajika."

Alama zikabadilika rangi moja baada ya nyingine, nyekundu kwenda kijani, kama watu wanaoitikia majina yao. Wafanyakazi wakapiga makofi. Bi Shabu alipiga mawili, la tatu likamfia mkononi.

Mjomba alikuwa anakohoa kikavu.

Alitega sikio. Kikohozi cha Mjomba kilikuwa na kohozi siku zote. Hiki kilikuwa cha mtu mwenye kiu.

"Hodhi lina kiasi gani?"

"Mita tatu na nusu," alisema mhandisi, kisha akasogeza uso kwenye skrini. "Tatu nukta nne. Mbona... labda kipimo hakijatulia."

Bi Shabu alikwisha kutoka. Nyuma ya jengo, mtaro wa kwenda mtoni, ambao kwa kawaida mijusi ilikuwa ikiota jua humo, ulikuwa unanguruma. Maji meupe, maji yake aliyoyasafisha, yalikuwa yanarudi mtoni kwa mbio kama yamefukuzwa. Akarudi chumbani, hatembei wala hakimbii.

"Valvu ya kumwagia hodhi. Inasemaje hapo?"

"Imefungwa, mama. Kijani."

"Mota yake umeipanga ifunge upande gani?"

"Kulia. Kama zote."

Nyundo aliangalia viatu vyake. Mkemia akaangalia dari. Chumba kizima, watu tisa walioloweshwa na Mkaidi kila mmoja kwa siku yake, walijua kwa wakati mmoja, na mmoja tu aliyekuwa hajui ndiye aliyekuwa ameshika kitufe.

"Mkwe wangu," alisema Bi Shabu, bila kumpitia Nyundo, "bonyeza fungua."

"Mama, nikifungua hodhi lote litakwenda."

"Linakwenda sasa hivi. Ile valvu ni ya kinyume. Bonyeza fungua ifunge."

Mhandisi alimtazama. Miaka mitano ya chuo ilisimama upande mmoja, mama mkwe upande mwingine. Akabonyeza fungua.

Huko shimoni mota ikanguruma, ikatetemeka, ikakata. Akabonyeza tena, ikakata tena. Kwa miaka mingi sasa Mkaidi alizoea kufunguliwa robo ya mzunguko, kwa utani na kwa kuosha hodhi. Leo alikuwa amefunguliwa hadi mwisho, na huko mwisho akang'ang'ania.

"Kwa mkono basi," alisema Bi Shabu.

"Usukani tuliutoa ili mota ikae."

"Ninao."

Alikuwa nao kweli. Kwa miezi minne ule usukani wa chuma ulikuwa unazuia mlango wa chumba cha zamu usijifunge, na mara tatu mhandisi alikuwa ameagiza, kwa heshima zote, utupwe kwenye vyuma chakavu.

"Mita tatu," alisoma mkemia. "Zinashuka sentimita kumi kila dakika mbili."

Mdomo wa bomba ambalo Mjomba alivutia maji ulikuwa mita moja kutoka chini ya hodhi. Hesabu haikuhitaji skrini. Dakika arobaini, kisha Mjomba avute hewa, na mji ukauke.

"Tuizime pampu," alisema mhandisi, "angalau isiharibike."

"Tukiizima, bomba linakauka sasa badala ya baadaye. Mjomba haendi kulala. Machujio yako hayo mapya yanaweza kutoa kiasi gani?"

"Yote manne? Karibu mara mbili ya zamani. Lakini hatujawahi kuyajaribu hadi mwisho. Na shabu itabidi ipande kwa haraka, mama ukae pale upime..."

Bi Shabu aliangalia tarakimu za mashine ya shabu, akaangalia mlango. Hangeweza kuwa mahali pawili.

"Iachie mashine," alisema. "Inajua kazi. Yafungulie yote."

Shimo la Mkaidi lilikuwa finyu, la kuingia watu watatu waliofunga midomo. Nyundo alitangulia na spana. Kiungo kibovu kilimrushia maji kwa nguvu kiasi kwamba kofia yake iliondoka na kuonekana siku tatu baadaye kijiji cha pili, ikiwa na samaki ndani. Boliti ya kwanza, ya pili. Ya tatu ilikuwa na kutu, akaitukana mpaka ikaona haya ikalegea. Ya nne. Mota ikatolewa juu kwa kamba.

"Mbili na sentimita ishirini," walipaza sauti kutoka juu. Machujio mapya yalikuwa yanaingiza maji kwa nguvu, na hodhi lilikuwa linashuka polepole zaidi. Lakini lilikuwa linashuka.

Bi Shabu aliteremka na usukani begani. Akaupachika, yeye na Nyundo wakashika, wakavuta kushoto. Haukwenda. Wakavuta tena. Nyundo akapumua kama Mjomba.

Kivuli kikaziba mdomo wa shimo. Mhandisi alikuwa amevua viatu, suruali ameikunja magotini, na bomba refu la chuma mkononi.

"Rudi juu," alisema Bi Shabu. "Utalowa."

"Mama, sogea."

Hakuwahi kumwambia hivyo. Nyundo, aliyekuwa na maji mpaka masikioni, alisimulia baadaye kwamba kwa sekunde moja aliogopa ugomvi kuliko mafuriko. Bi Shabu akasogea.

Mhandisi alilipitisha lile bomba katikati ya mikono ya usukani, likawa mpini mrefu. Maji yalimpiga kidevuni, yakamshuka kifuani, yakamjaa mifukoni na kalamu zake zote. Wote watatu wakashika.

"Kushoto," alisema Bi Shabu. "Kushoto mpaka mkono wako usahau kuna kulia."

Wakavuta. Mkaidi alilia, mlio mrefu wa chuma kizee, kisha akasogea upana wa ukucha. Wakavuta. Upana wa kidole. Wakavuta wakitukana, na Bi Shabu alitukana mambo ambayo mkwe hatakiwi kuyasikia, naye mkwe akayaitikia. Robo mzunguko. Nusu. Mmoja.

"Mita moja na nusu."

"Mizunguko hiyo ni mingapi?" aliuliza mhandisi, pumzi juu juu.

"Miwili. Yote iko ishirini na sita."

"Nani aliihesabu?"

"Mimi. Nilikuwa kijana kama wewe, na wala sikuwa na mpini."

Wa kumi. Wa kumi na tano. Viganja vya mhandisi vilichubuka, hakuviangalia. Wa ishirini. Ile ngurumo ya mtaro ilipungua ikawa mazungumzo, ikawa mnong'ono. Wa ishirini na sita. Bi Shabu aliuegemea usukani kwa mabega yote mawili, akaupa kidogo cha mwisho, na kiungo kibovu kikadondosha tone moja, kikaacha.

Walimsikiliza Mjomba. Alikohoa kikavu, kikavu, kikavu. Kisha kikaja kikohozi kile cha zamani, chenye kohozi, na huko juu mkemia akasoma kwa sauti iliyokatika, "Mita moja na sentimita nane. Inapanda. Nasema inapanda."

Mwenyekiti alifika saa nne kasoro dakika tano, akakuta watu watatu wameketi ukingoni mwa shimo, wameloa chapachapa, na mhandisi wake anakamua soksi.

"Nyumbani kwangu maji yalikuwa yanatoka kinyonge," alisema.

"Yalitoka, hayakutoka?" aliuliza Bi Shabu.

"Yalitoka."

"Basi."

Lakini mhandisi alisimama, akamweleza yote, hakuacha hata mita. "Kosa ni langu. Niliamini mchoro, sikuuliza."

"Usimsikilize," alisema Bi Shabu. "Kosa ni langu. Nilimheshimu mno." Akaingiza mkono kwenye mfuko uliojaa maji, akatoa kile kishada cha funguo, akakinyoosha. "Tulikubaliana saa moja. Haikufika hata dakika. Lakini ilikaribia, na uliyepewa ahadi ni wewe. Sema."

Mwenyekiti alizitazama funguo zikidondosha maji kwenye viatu vyake. Akatazama mota iliyoning'inia kwenye kamba, viganja vya mhandisi, na mtaro ambako mijusi ilikuwa imeanza kurudi.

"Kaa nazo," alisema mwishowe. "Malizeni kazi. Na kabla hujastaafu, mzunguke mtambo wote wewe na mhandisi, kila kitu chenye kichaa chake kiandikwe."

"Kitaandikwa," alisema mhandisi. "Na mota ile kesho itafunga kushoto."

Mwenyekiti aliinama juu ya shimo, mikono nyuma, shati lake likimeremeta. "Yaani ndiyo hii? Kitu kidogo hivi?" Akapandisha suruali kidogo, akateremka ngazi kwa uangalifu, akaushika usukani. "Na sasa imefungwa sawasawa?"

Nyundo alifungua mdomo. Mhandisi alimkanyaga mguu.

"Karibu sawasawa, mheshimiwa," alisema kwa sauti ile ile ya Jumapili, macho chini, mikono miwili mbele. "Ebu ikaze kidogo tu. Inavuja."

Watu wote waligeuka kumtazama Bi Shabu. Alikuwa amekwisha kuinua kidole. Akakitazama, kama mtu anayekumbuka kitu alichokiacha jikoni, akakirudisha taratibu mfukoni.

"Taulo liko wapi, Nyundo?" aliuliza.